Kabla hujaandika "I am strong"

Msimu wa kuomba ufadhili ukifika, vijana niliowafundisha Kiingereza hapa Babati hunitumia barua zao kwa WhatsApp: "Shikamoo Madam, naomba unipitie." Napitia zote, na kwa moyo. Karibu kila barua ina sentensi ileile: "I am a strong and hardworking person." Aliyeiandika pengine alitembea kwa miguu hadi shule ya kata miaka yote, jioni akauza mahindi ya kuchoma, usiku akasoma. Kisha maisha yote hayo anayafungia ndani ya "strong", neno ambalo kwalo Mwingereza husifia hata chai iliyokolea majani.

Kiingereza kina sifa nyingi za ukakamavu, na haziingiliani ovyo. Nikizifundisha huanza na mtu ambaye sisi wa Manyara tunamwita wetu: John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikuwa Mexico City kwenye marathoni ya Olimpiki. Hajafika hata nusu ya njia, wakimbiaji wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likateguka, bega likagonga lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada yake, jua limeshazama na watazamaji wengi wameshaondoka, akachechemea hadi kwenye mstari. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Huyu tumpe sifa gani? Darasa huniitikia "resilient", kwa kuwa ndilo neno wanalolisikia kwenye kila semina ya vijana. Hapo huwa nawasimamisha. "Resilient" asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuruka na kurudi ulikotoka, na wahandisi hulitumia kwa chuma kinachopindwa kisha kikarudi umbo lake. Usiku ule Akhwari hakuwa amerudia hali yake. Alikuwa bado ameumia, na hakukubali kuachia. Kwa mtu asiyeachia kuna "tenacious", ambalo nalo limetoka kwenye Kilatini cha kushika.

"Resilient" alilistahili miaka miwili baadaye. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni akawa wa tano kwa saa 2:15:05. Najua Mexico City iko juu, zaidi ya mita 2,200, na hewa yake nyepesi huwachelewesha wakimbiaji, kwa hiyo saa za mashindano hayo mawili si za kulinganisha moja kwa moja. Lakini mguu ulioteguka ulikuwa umerudi kukimbia na walio bora! Inaniuma kwamba picha ya bandeji inajulikana duniani kote, na Edinburgh haitajwi hata mashuleni kwetu.

Nyingine nitazipitia haraka. "Hardy" ni ya mbuzi na mtama, viumbe vinavyovumilia ukame na mazingira magumu; mtu anaweza kuitwa hivyo, ila kwenye barua ya chuo linashangaza. "Tough" ni neno la mazungumzo, na hubeba pia nyama isiyotafunika na mtihani uliowashinda wengi. "Robust" limetokana na mti wa mwaloni, nalo linakaa vizuri zaidi kwenye mfumo au mpango kuliko kwenye nafsi ya mtu. "Stubborn" liogopeni: ni ung'ang'anizi uleule, umetazamwa na mtu uliyemchosha. Kiswahili nacho kina mtego wa namna hiyo. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mpini wa jembe, alama ya kazi halali, lakini ukimwita mtu "sugu" wengi watafikiria mhalifu.

Mwaka huu binti mmoja alinitumia barua yake. Aliacha shule baba yake alipofariki, akalima mbaazi na mama yake, wadogo zake wakaendelea kusoma, kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea na akafaulu. Katika yote hayo, kwenye barua kulikuwa na "strong" mara tatu na mbaazi hazikuwemo kabisa. Tulikaa jioni nzima. Tukaandika shamba, tukaandika ada za wadogo zake zilitoka wapi, tukaandika alisoma saa ngapi na kwa vitabu vya nani. "Resilient" tukaliweka mara moja tu, mwisho wa aya, likiwa na ushahidi wote mbele yake.

Ambao hamjanitumia barua zenu, nitumieni mapema. Kwanza mniandikie kwa Kiswahili mlichopitia, bila sifa hata moja. Neno la Kiingereza tutalichagua pamoja.