Jinsi nilivyomtoa Mama ndani ya nyumba

Mama alikuja Kampala kutoka Mwanza kwa ajili ya magoti. Daktari alimwandikia dawa, akamalizia na agizo moja: atembee kila siku. Kusema ni rahisi. Mtaani kwetu Ntinda boda boda zinapita hadi pale ambapo mtembea kwa miguu angejibanza. Tulijaribu mara mbili. Ya pili nusura atumbukie kwenye mtaro ulio wazi, na tangu siku hiyo nikisema tu "Mama, twende ukatembee", magoti yanaanza kuuma hata viatu hajavaa.

Nilichelewa kugundua kosa langu. Mama hajawahi kutembea bila shughuli. Anatembea kwenda sokoni, msibani, kumjulia hali mzazi. Kutembea kwa ajili ya kutembea anakuona ni wazimu wa watu wa mjini. Nikabadili maneno: "Mama, twende ukaone."

Tulianza na hekalu la Wabahai, kilima cha Kikaaya. Lilifunguliwa mwaka 1961, lina pande tisa na milango tisa, ila Mama jengo alilitazama mara moja tu. Alinogewa na nyasi na miti. Huu mti gani? Na ule? Majina mengi sikuyajua, akaniambia shule nilienda kula ada. Tulizunguka karibu saa nzima, nami nikanyamaza kimya, maana ningemtajia hiyo saa angekaa chini papo hapo.

Jumapili iliyofuata tukaenda Entebbe, kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898, inayoteremka hadi ziwani. Ngedere alimpokonya kitumbua mkononi, Mama akamtukana Kisukuma. Kisha akaona maji. "Hili si ziwa letu?" Ndilo, Mama, Mwanza iko ng'ambo huko. Alisimama pale muda mrefu, mbega wanaruka juu ya kichwa chake wala hakuwatazama.

Safari ya tatu ndiyo niliyoiogopa. Kule Garuga, pembeni ya barabara ya Entebbe, kuna kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Nilitaka kwenda kwa sababu ya utulivu, lakini Mama ni mtu wa swala tano. Nikamweleza wazi tunakokwenda. Akaniuliza, "Unanipeleka kwenye masanamu?" Nikajibu tunakwenda kuona, hatuendi kuabudu. Alijifunga ushungi vizuri zaidi ya kawaida, kama anayekwenda vitani.

Nilipiga simu kwanza kuuliza kama wageni wanapokelewa. Tulipanda taksi ya Entebbe, yaani daladala za huku, nikapiga kelele "maaso awo!", Kiganda cha "shusha hapo mbele", pa kushukia, kisha nikakodi spesheli, gari dogo la kukodi, hadi getini, maana boda na magoti yale haviendi pamoja.

Mlangoni tukaambiwa tuvue viatu. Mama akanitazama. "Kumbe wanajua adabu," akasema, na mabega yake yakashuka. Mwenyeji wetu alituambia kwamba kwao Buddha ni mwalimu, si Mungu. Akasimulia pia kwamba mama mzazi wa Bhante mwenyewe baadaye alikuwa mtawa. Hapo Mama akaacha kutazama sanamu, akaanza maswali. Alinyoa nywele? Wajukuu zake wanamwitaje?

Ila kilichomteka hasa ni namna wanavyotembea. Ni ibada kabisa: unainua mguu ukijua unauinua, unausogeza, unautua. Kwenda na kurudi kipande kifupi tu. Mimi hatua ya kumi nilikuwa nishawaza bili ya umeme. Mama alikunja pindo la kanga, akaenda. Inua, sogeza, tua. Wiki nzima nilikuwa namhimiza aongeze mwendo ili zoezi lifanye kazi, na leo nikaona uso wake haukunjamani goti linapopinda. Alirudi, akageuka, akaenda tena. "Hapa hakuna anayenikimbiza," akasema, na nilijua anamsema nani.

Tangu hapo nyumbani anafanya vivyo hivyo koridoni, asubuhi na jioni. Mimi nimekatazwa kupita.

Njiani kurudi aliuliza watawa wanakula nini usiku. Nikamwambia hawali, mlo wao unakwisha kabla ya saa sita mchana, tena ni chakula wanacholetewa na watu. Alinyamaza hadi Kajjansi. "Ramadhani mwaka mzima, masikini," akasema.

Jumapili iliyopita aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Jikoni unga ulikuwa umeshaumuka, mafuta yapo motoni. Maandazi sitini, akasema, na nisipojipanga na usafiri tutafika saa sita imepita.