Siku moja na vijana wa jukwaani

Saa 2 asubuhi. Nafungua ukumbi wa kikundi chetu cha maigizo, ninakofundisha vijana. Nafagia jukwaa mwenyewe, maana wengi hufanya mazoezi peku na mafundi wa mandhari huacha misumari.

Saa 3. Sauti. Wote chali sakafuni, mkono juu ya tumbo. Pumzi iingie mpaka tumbo liinuke, mabega yatulie. Halafu vitanzandimi, polepole kwanza: kale kakuku ka kaka kako wapi, kaka? Anayelazimisha koo hukaukiwa na sauti kabla onyesho halijaisha. Anayetegemea pumzi husikika hadi viti vya nyuma bila kupiga kelele.

Saa 4. Michezo ya kubuni papo kwa papo. Mingi ya aina hii imetoka kwa Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, aliyeikuza Chicago miaka ya 1930 na 1940 alipokuwa akifundisha watoto. Naupenda zaidi ule wa kioo: wawili wanatazamana, mmoja anaongoza, mwenzake anafuata, kisha nawaambia asiongoze mtu.

Kuna kijana mmoja amekariri igizo zima, na bado haigizi. Mwenzake akisema, yeye macho yake yako mbali, midomo inajiandaa kwa kauli yake. Anasubiri zamu, hasikilizi. Leo nimemnyang'anya mswada. "Mjibu kwa kuanza na neno lake la mwisho," nikamwambia. Mara tatu akakwama. Ya nne, binti aliyekuwa akiigiza naye akashusha sauti ghafla, naye akamsogelea amsikie. Hatua ile hakuelekezwa na mtu. Kwangu mimi uigizaji huanzia hapo, na ndiyo maana siharakishi kugawa nafasi za wahusika.

Saa 7. Kazi za nyuma ya pazia: taa, maleba (mavazi ya waigizaji), vifaa. Kila mmoja anazipitia zote, hata nyota wa kikundi. Msimamizi wa jukwaa anaandika kwa penseli mienendo ya waigizaji jukwaani, kwa kuwa kesho itabadilika, na anakumbuka kwamba kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji anayeielekea hadhira.

Saa 9. Jukwaa la majadiliano, mbinu ya maigizo ya Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia wa Brazili, kutoka miaka ya 1970. Vijana wametunga tukio la mwanafunzi anayeonewa na wenzake. Mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!", akapanda, akachukua nafasi ya mwonewa na kujaribu njia nyingine. Wa kwanza alipandisha hasira, waonevu wakazidi. Wa pili alimgeukia rafiki aliyekuwa kimya pembeni na kumwita kwa jina, tukio lote likageuka. Tulibishana mpaka muda ukapita.

Saa 11 jioni. Kugawa majukumu ya wiki ijayo. Yule kijana nimempa kazi ya mkumbushaji: atashika mswada pembeni na kufuatilia kila neno la wenzake, tayari kumnong'onezea anayesahau. Hakupenda. Nimemwahidi kwamba baada ya hapo tutazungumzia nafasi kubwa.