Siku niliyompeleka shemeji Ben Alder

Shemeji yangu ni Mchaga wa Machame, na Mchaga wa Machame ukimwambia unampeleka Ben Alder, mlima wa Scotland wa mita 1,148, anacheka mpaka anashika ukuta. "Shem, mita elfu? Hiyo si tunalima migomba?" Na sikuwa na la kujibu bana, mimi mwenyewe wa Njombe, mji wetu uko karibu mita 2,000, na Ben Nevis ambao hakuna unaoupita Uingereza nzima una mita 1,345, yaani mtu aliyekaa zake kwenye matatu Nairobi yuko juu kuliko kilele chochote cha huku. Ilikuwa Juni 2022, amekuja Glasgow kumsalimia dada yake ambaye ndo mke wangu, na kila siku ni Kilimanjaro hivi Kilimanjaro vile (hajawahi kuupanda, lakini ukimsikia utadhani amezaliwa Kibo). Nikamwambia haya, lete miguu.

Ben Alder watu hawauheshimu kwa urefu, wanauheshimu kwa sababu uko mbali na kila kitu. Lami inaishia Dalwhinnie, kijiji cha stesheni ya treni na kiwanda cha wiski basi, na kutoka hapo mpaka mguuni pa mlima ni kama kilomita 15 za njia ya changarawe, gari unaliacha kijijini. Ndo maana wengi wanaenda na baiskeli mpaka njia inapokataa, wanazitupa kwenye majani, halafu miguu inaanza kazi. Wapo wanaosema baiskeli ni kuchakachua. Hao waache watembee, sisi tulikodi za matairi manene.

Tuliondoka Glasgow saa kumi alfajiri kumeshaanza kupambazuka, maana mwezi wa sita huku giza lenyewe ni la kuibia. Dalwhinnie tukashusha baiskeli, tukanywa chai ya tangawizi kwenye chupa, tukaanza. Loch Ericht iko mkono wa kushoto muda wote, ziwa jembamba refu, njia tambarare, lakini upepo ulikuwa wa uso na unatoka huko huko tunakoenda, kwahiyo unakanyaga pedali kama unapanda mlima na mlima wenyewe hata hauuoni. Shem alianza kwa kupiga stori, baadaye akabaki na "mmh", baadaye kimya.

Kwenye geti la kwanza akasimama. "Shem, hili si shamba la mtu? Tutapigwa risasi hapa." Swali zuri, maana ni kweli ni mali ya mtu, shamba kubwa la kuwinda kulungu, lakini Scotland ina sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita karibu popote kwa miguu au baiskeli, mradi ana adabu, asiharibu na afunge geti alilolifungua. Hakuamini. Kila tulipokutana na mtu alikuwa anasalimia wa kwanza kwa sauti kubwa, good morning sir, hata kijana wa miaka kumi na minane anaitwa sir.

Baada ya jumba la wenye shamba njia inakata kulia na kupanda mpaka Loch Pattack, na pale kuna farasi, wale wafupi wanene wa milimani wanaotumika kubeba kulungu waliowindwa. Walitusogelea wakanusa begi moja kwa moja, begi lenye chapati, wana akili sana wale. Tulivyosimama upepo ukatulia kidogo na hapo hapo usubi ukatuvamia, jamani usubi wa Scotland ni balaa, huwezi hata kumeza chapati bila nyama. Tukala tunatembea.

Culra kulikuwa na kibanda ambacho zamani wapanda milima walikuwa wanalala bure, wakati ule kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya asbesto. Karibu na hapo tukaacha baiskeli, tukafunga kufuli, sijui kwa kumwogopa nani, labda wale farasi.

Halafu ndo Shem akakutana na tope. Sio tope la mvua kama la kwetu, ni ule udongo mweusi unaitwa peat, juu majani mazuri kabisa, unakanyaga unazama mpaka nusu ya mguu na kiatu kinataka kubaki huko. Hakuna kibao hata kimoja, ramani na macho yako. Tulipofika kwenye ukingo wa miamba unaoitwa Long Leachas alifurahi, maana pale ni mawe makavu, mikono inafanya kazi kidogo, na alipanda vizuri kuliko mimi, lazima niseme.

Juu ni uwanda mkubwa mno, wa mawe na ukoka, na wingu likashuka tukabaki hatuonani. Upande wa mashariki ni magenge na bado yalikuwa na mabaka ya theluji, kwahiyo nikatoa dira tukaenda pole pole mpaka nguzo ya kilele ikatokea puani kwetu. Shem akaigusa akauliza, "Wapagazi wa hapa wako wapi wanibebe?"

Tukashuka upande wa kusini kwenda Bealach Breabag, pengo kati ya milima miwili, wingu likafunguka tukaona Loch Ericht chini tena, ncha ya pili. Nikamwonyesha ile miteremko ya huko, nikamwambia Prince Charles Edward Stuart, aliyekuwa anapigania kiti cha ufalme wa Uingereza kirudi kwa ukoo wake, alijificha huko Septemba 1746 baada ya jeshi lake kupigwa Culloden, kwenye maficho ya chifu mmoja wa ukoo wa Macpherson, na serikali ilikuwa imetangaza pauni 30,000 kwa atakayemkamata. "Na hakuna aliyemchoma?" Hakuna. Akatingisha kichwa. "Pauni 30,000 za enzi zile! Mimi Shem ningekuchoma asubuhi tu, kabla ya chai."

Kulikuwa na Beinn Bheòil pembeni yetu, nao ni Munro, yaani uko kwenye ile orodha ya milima 282 inayopita mita 914 ambayo Hugh Munro aliianzisha mwaka 1891, na watu wengi wanaunganisha yote miwili. Nilimtazama Shem, akanitazama, tukashuka.

Ila kurudi sasa! Upepo ule ule uliotutesa asubuhi uko mgongoni, kutoka Pattack ni mteremko, changarawe zinaruka, Shem ameachia breki anaimba nyimbo za kwaya kwa Kichaga, na kando ya ziwa hatukukanyaga pedali sana. Kwa raha ile tu ningerudi kesho yake.

Dalwhinnie tulifika saa tatu na nusu usiku na jua bado halijazama. Mtandao ukarudi, simu ya Shem ikaanza kulia, dada mtu. Akamwambia, "Dada, hapa nina njaa ya kula farasi." Jibu likaja kwangu kwa meseji: ndizi nyama ziko kwenye friji, pasheni wenyewe, na hayo maviatu yaacheni nje.