Jela usiiruke

Likizo hii watoto wa mtaani wakitoka madrasa wanapita kwangu nawasomesha mashairi, na nimeanza na malenga Abdilatif Abdalla maana ni mtoto wa Mombasa kama wao, kazaliwa hapa hapa 1946, na nduguye Ustadh Ahmad Nassir ni malenga vilevile. Mama mmoja akaniambia habari za Abdilatif kufungwa jela niziruke, watoto wataogopa. Mimi naona ukiitoa jela basi hujawaambia kitu.

Kwa hivo nimewaeleza yote. Kwamba alikuwa kijana tu, karani wa hesabu kwenye manispaa ya Mombasa, 1968 akaandika karatasi inauliza Kenya twendapi, na kwa karatasi hiyo akafungwa miaka 3 mpaka 1972, kawekwa peke yake hana wa kuzungumza naye, na mashairi akawa ayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Wee, maswali yalivyokuja! Alikuwa akila na nani, Idi je, mamake alijua yuko wapi? Msichana mmoja wa gredi ya nne akaniuliza, "Bi, kwani kuuliza ni makosa?" Nikamwambia la mwanangu, si makosa, lakini kuna wakubwa hawapendi kuulizwa.

Yale mashairi ndiyo diwani yake Sauti ya Dhiki, ilitoka 1973, na mwaka wa pili yake ikapewa tuzo ya Jomo Kenyatta, Kenyatta yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga! Hilo hata watu wazima nikiwaambia wanashtuka.

Lakini walichopenda zaidi wallahi ni lile shairi la mnazi humo kwenye diwani, Alii na Badi ndugu wawili wanagombania mnazi, mmoja yuko juu mwengine anamwambia shuka, nikawagawanya makundi mawili wakajibizana ubeti kwa ubeti huku wanapiga makofi kufuata mizani, na maneno hayakuwapa tabu kwa sababu ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa cha nyanya zao, wanakisikia kila siku nyumbani. Mwisho kila kundi likashikilia mnazi ni wao, nikawaacha wagombane kwanza ndio tukaongea kuhusu nchi na nani anakula matunda yake.

Sasa nimewapa kazi kila mtu atunge ubeti wake mmoja wa kuuliza kitu, chochote anachotaka, na yule wa gredi ya nne ashaanza, anauliza mbona maji ya mfereji kwao hayatoki.