Tangazo la kazi lililoniletea mpimaji wa maziwa

Kituo chetu cha kukusanyia maziwa, hapa Rungwe karibu na Tukuyu, kiliwahi kubaki bila mpimaji. Nikaandika tangazo kama nilivyozoea kuyaona ukutani: "Anahitajika mtaalamu wa maziwa. Awe mchapakazi, mwaminifu, umri miaka 20 hadi 30, uzoefu usiopungua miaka 3. Mshahara maelewano." Nikalibandika stendi, nikalirusha na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Barua zilijaa boksi. Nikaita watu 6, nikaweka mezani silinda ya maziwa na laktomita, kile kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, nikamwomba kila mmoja asome kipimo. Aliyesoma sawasawa ni mmoja tu, naye aliposikia mshahara akaaga.

Usiku ule nikalisoma tena tangazo langu. Kazi yenyewe sikuitaja popote! Uchapakazi na uaminifu kila mtu hujipa, na huwezi kuupima kwenye barua. Suala la umri lilinisumbua zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa umri, jinsia, ndoa, ujauzito au ulemavu, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Nilikuwa nimewafungia mlango watu bila sababu. Hiyo miaka 3 nayo niliitoa wapi? Kijana aliyetoka chuoni juzi anaweza kuishika laktomita vizuri kuliko aliyekaa miaka 10 kwenye duka la maziwa.

Safari ya pili niliandika siku ya kazi ilivyo:

"Saa 12 asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, unapokea maziwa ya wafugaji. Kila ndoo unaipima kwa laktomita na kwa alkoholi (inayoonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha), unaandika daftarini. Maziwa yasiyofaa unayakataa mbele ya mwenyewe, kwa heshima. Saa 45 kwa wiki. Ng'ombe hawana Jumapili, kwa hiyo mapumziko ni kwa zamu. Mshahara shilingi 350,000, NSSF tunachangia. Siku ya usaili utapima maziwa. Hatutozi mwombaji hela yoyote."

Mwenzangu alipinga kutaja mshahara, akisema majirani watajua mambo yetu. Tulibishana siku nzima. Mimi nilimkumbuka yule aliyeaga: alikuwa ametoka Kyela kwa nauli yake mwenyewe, na tungeweza kumwambia kabla hajapanda gari. Ile sentensi ya hela niliiweka kwa sababu matapeli wamewaumiza mno vijana kwa "ada ya fomu".

Stendi sikubandika tena. Nilimpa bwana mifugo wa kata, naye akalituma kwa wenzake aliosoma nao chuoni.

Walikuja 11 tu. Wanane waliijua laktomita: maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 32, yakitiwa maji namba inashuka. Hapo ndipo usaili ukawa usaili kweli, maana tulibaki kuangalia nani anaweza kusema "hapana" kwa mfugaji.

Tuliyemchukua ni mama wa miaka 41, ambaye tangazo la kwanza lingemkata. Wiki yake ya kwanza, mzee mmoja alileta ndoo iliyosoma 24.

"Shikamoo baba. Njoo tusome wote," akamwambia, akimsogezea silinda.

Mzee akainama, akasoma, akachukua ndoo yake. Kesho yake akarudi na maziwa yaliyosoma 30.