Florida 2000: rais aliyeamuliwa na karatasi ya kura

Jamaa zangu wa kahawa pale Mtoni wanasema kila tukianza stori za uchaguzi mi lazima nifike Florida. Ni kweli na sababu ninayo. Nimewahi kukaa kituoni kama karani mwongozaji, nimeona mtu mzima anatoka kwenye kituturi na karatasi yake mkononi anasimama mbele ya sanduku anaitazama tena, hana uhakika kama alichoweka ndicho alichokuja kukiweka. Tangu hapo mtu akiniambia uchaguzi ni kampeni na hela tu mi namuuliza, na karatasi yenyewe umeiona ilivyopangwa? Leo naandika yote hapa, wakiniuliza tena natuma linki.

Kwa wadogo zangu ambao mwaka 2000 mlikuwa hamjazaliwa au mko chekechea: Marekani rais hapatikani kwa kujumlisha kura zote za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake kulingana na wingi wa watu, na karibu kila jimbo anayeongoza hata kwa kura moja anabeba wajumbe wote. Anayefikisha wajumbe 270 ndo rais. Novemba 7, 2000 walikuwa wanapambana Al Gore wa Democratic, makamu wa rais wa Clinton, na George W. Bush wa Republican, gavana wa Texas. Kura zikahesabiwa majimbo mengine yote na bado kila mmoja alikuwa anaihitaji Florida yenye wajumbe 25, aliyeipata hiyo ndo kaenda Ikulu. Na gavana wa Florida wakati ule alikuwa Jeb Bush, mdogo wake George.

Usiku ule ulikuwa vurugu. Televisheni zao zilitangaza Gore kachukua Florida wakati huku kwetu ilikuwa kama saa kumi kasoro za usiku, na hapo kipande cha magharibi cha Florida ambacho kiko nyuma kwa saa moja vituo vilikuwa bado havijafungwa. Baadaye wakafuta. Saa nne na kitu asubuhi kwa saa za Dar wakatangaza Bush kashinda, Gore akampigia simu kumpongeza, yuko njiani kwenda kuongea na watu wake akaambiwa tofauti inazidi kupungua, akampigia tena Bush akairudisha ile pongezi. Televisheni nazo zikafuta kwa mara ya pili. Asubuhi Wamarekani wanaamka hawana rais mteule.

Hesabu ya kwanza ilimpa Bush uongozi wa kura 1,784 kati ya karibu milioni 6. Sheria ya Florida inasema tofauti ikiwa chini ya nusu asilimia mashine zinahesabu upya, zikahesabu ikabaki 327. Zikaja kura za waliopo nje ya nchi, wengi wanajeshi, ikapanda 930. Wakahesabu kwa mkono baadhi ya kaunti (ni kama wilaya zetu), na tarehe 26 Novemba ikatangazwa rasmi kuwa ni 537. Kura mia tano thelathini na saba jamani, vituo viwili vitatu tu vya huku uswahilini vinatosha.

Sasa mahakama na mawakili kila mtu anavijua, twende Palm Beach. Hii ni kaunti ya kusini mashariki, wazee wastaafu wengi, Wayahudi wengi, ngome ya Democratic kabisa. Msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, Theresa LePore, naye alikuwa mtu wa Democratic, na wagombea wa urais mwaka ule walikuwa 10, akaona akiyapanga majina yote kwenye ukurasa mmoja maandishi yatakuwa madogo na wapiga kura wake ni wazee macho yamechoka. Kwahiyo akakuza maandishi, majina akayagawa kushoto na kulia kama kitabu kilichofunguliwa, na matundu ya kutoboa akayaweka mstari mmoja katikati, maana huko walikuwa wanapiga kura kwa kutoboa kadi kwenye tundu la mgombea. Nia safi kabisa, alitaka kuwasaidia wazee, na hicho ndo kinachoniuma zaidi kwenye stori yote.

Fikiria uko pale. Kushoto juu kabisa ni Bush, chini yake Gore. Kulia juu ni Pat Buchanan wa chama cha Reform, mzee mwenye msimamo mkali wa kulia ambaye Wayahudi wengi walikuwa hawamtaki hata kumsikia. Matundu yako katikati. Tundu la kwanza Bush, la pili Buchanan, la tatu Gore. Mzee anaangalia kushoto anaona Gore ni jina la pili, anatoboa tundu la pili, kampigia Buchanan. Mwingine anagundua kakosea anatoboa na la tatu ili arekebishe, sasa ana matundu mawili, kura imeharibika.

Buchanan alipata 3,407 Palm Beach. Broward na Miami-Dade, kaunti jirani zenye watu wengi kuliko Palm Beach, kila moja hakufikisha hata 1,000. Buchanan mwenyewe alikubali mbele ya televisheni kwamba nyingi ya zile kura si zake, na mi kwa hilo namheshimu. Halafu watafiti walikuja kugundua jambo moja ambalo kwangu linamaliza ubishi: waliopiga kura kwa posta palepale Palm Beach karatasi yao haikuwa ya mtindo ule wa kurasa mbili, na kwao Buchanan alipata sehemu ndogo sana kulinganisha na waliopiga vituoni. Kaunti ileile, watu walewale, mgombea yuleyule, kilichotofautiana ni karatasi. Na ukiacha hizo za Buchanan kulikuwa na kama kura 19,000 za urais zilizotupwa Palm Beach kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Kumi na tisa elfu, na tofauti ya jimbo zima ni 537.

Duval nako, yaani Jacksonville kaskazini, waliyaweka majina ya wagombea urais kwenye kurasa mbili tofauti, ukifunua ukurasa unakuta wengine. Na sampuli ya karatasi waliyosambaza kabla ilikuwa inawaambia watu wapige kura kila ukurasa. Mtu mtiifu anafuata maelekezo, ukurasa wa kwanza anamchagua Gore, anafunua, wa pili anachagua tena. Zaidi ya kura 20,000 zikaharibika, na mitaa ya watu weusi ndo iliumia zaidi, ambako wengi walikuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza baada ya kuhamasishwa makanisani. Mtu umemtoa nyumbani, umempa imani kwamba sauti yake ina uzito, kasimama foleni, halafu ile kadi ikaenda kwenye fungu la kutupwa na yeye hajui mpaka leo.

Lakini mfano ninaoupenda kuueleza taratibu ni wa kaunti mbili zinazopakana, Gadsden na Leon, huko kaskazini. Leon ndo yenye makao makuu ya jimbo, Tallahassee, vyuo vikuu, maofisa wa serikali. Gadsden ni ya vijijini, maskini, na ndo kaunti pekee ya Florida yenye watu weusi wengi kuliko weupe. Zote mbili zilitumia karatasi ya kuweka alama kwa kalamu inayosomwa na skana, hakuna kutoboa toboa. Gadsden karibu kura 12 kwenye kila 100 zikaharibika, Leon haikufika hata 1 kwenye kila 100.

Mtu mvivu atakwambia ah, Leon wamesoma. Ngoja. Leon skana ilikuwa palepale kituoni, unaingiza karatasi yako, kama umeweka alama mbili mashine inakurudishia, karani anakupa nyingine unarudia. Gadsden karatasi zilikuwa zinakusanywa zinapelekwa kusomwa sehemu moja katikati, wewe umeshaondoka uko nyumbani unakula, karatasi yako inakataliwa huko na hakuna wa kukuita. Na huko karatasi nako majina yaliangukia safu mbili, watu wakaweka alama kila safu. Hebu sema hapo elimu imeingia wapi? Mwenye digrii wa Leon naye alikosea, ila yeye alipewa nafasi ya pili. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilichunguza ikatoa ripoti mwaka 2001, ikasema kura ya mtu mweusi Florida ilikuwa na uwezekano wa karibu mara kumi zaidi wa kukataliwa kuliko ya asiye mweusi. Mi nikisoma hiyo naona sura za watu, sioni asilimia.

Yale mambo ya kadi zenye vipande vya karatasi vinavyoning'inia wengine mnayakumbuka kwenye picha, yule jaji wa Broward ameinua kadi juu ya kichwa na kioo cha kukuzia macho yamemtoka. Mpiga kura akitoboa kipande kisipotoka chote, skana haioni tundu, kura haihesabiwi. Ndo wakawa wanabishana kipande kikining'inia kona moja ni kura, kikiwa kimebonyea tu je? Kila kaunti na kipimo chake. Mahakama ya Juu ya Florida ikaagiza jimbo zima zihesabiwe zile kadi ambazo mashine haikuona chaguo, kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha, na Desemba 12 ikamaliza, majaji watano kwa wanne. Gore akakubali kesho yake. Nchi nzima alikuwa amemzidi Bush kwa zaidi ya kura laki tano, wajumbe Bush 271 yeye 266.

Najua kuna atakayeniandikia kwenye komenti habari ya Ralph Nader, mgombea wa chama cha Green, kwamba angejitoa Gore angeshinda. Nader alipata 97,488 Florida. Sawa, lakini ukienda kwa hesabu hiyo basi kila mgombea mdogo kwenye ile karatasi alipata zaidi ya 537, hata wa mwisho kabisa, James Harris wa Socialist Workers, alipata 562. Aliyempigia Nader alimtaka Nader, kura yake imefika alikotaka. Kugombea ni haki ya mtu. Mi nawalilia ambao hawakufika walikotaka.

Baadaye vyombo vikubwa vya habari viliungana vikalipa watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakazikagua kura 175,010 ambazo hazikuhesabiwa. Majibu yakatoka Novemba 2001 na kila upande ukachukua kinachoufaa. Kaunti zile chache alizoziomba Gore zingehesabiwa, Bush bado anashinda. Jimbo zima lingehesabiwa kura zote zilizokataliwa, Gore anapita kwa chembe, kati ya kura 60 na 171 kutegemea kipimo unachotumia. Na hapo hawakuweza kuzirudisha zile za Palm Beach, kwa sababu kadi yenye tundu moja safi kwa Buchanan ni kura halali ya Buchanan, hakuna mtafiti anayeweza kuigusa.

Sisi huku karatasi yetu ina picha ya mgombea, jina, chama na nembo yake, na kisanduku cha kuweka alama ya vema pembeni kwenye mstari uleule. Nilivyokuwa kituoni nilikuwa naona bibi asiyejua kusoma anaifungua anapata mtu wake bila kumuuliza yeyote, na wasioona wana kile kifaa cha nukta nundu. Hili jambo tunalichukulia poa wakati ni kubwa. Lakini nalo lina mpaka wake, 2015 wagombea urais walikuwa 8, 2020 wakawa 15, na kila wanapoongezeka karatasi inarefuka au picha zinapungua ukubwa, mtu lazima akae apange. Ndo maana sampuli ya karatasi ikitoka mi huwa naichapisha naipeleka kwa wazee wa mtaani wasio na maslahi, nawaangalia kidole kinaenda wapi bila kuwaelekeza chochote.

Florida wenyewe mwaka 2001 walipiga marufuku kadi za kutoboa. Kaunti nyingi zikanunua skrini za kugusa. 2006 huko Sarasota kwenye kura ya ubunge, watu kama 18,000 skrini ikaonyesha hawakumchagua mtu yeyote, na mshindi akapita kwa 369, na wengi wakasema ile kura ilikuwa imewekwa sehemu ya skrini ambayo jicho linairuka. Karatasi hakuna, kwahiyo cha kuhesabu upya nacho hakuna. 2007 wakapitisha sheria ya kurudi kwenye karatasi na skana, yaani walichokuwa nacho Leon tangu mwanzo. Halafu 2018 Broward, hao hao majirani wa Palm Beach, wakaiweka kura ya seneti chini kabisa kushoto, chini ya safu ndefu ya maelekezo ya lugha tatu. Zaidi ya watu 20,000 wakampigia gavana wakaacha seneti tupu, na Rick Scott akamshinda Bill Nelson jimbo zima kwa kura 10,033. Sisemi matokeo yangegeuka. Nasema ilikuwa miaka 18 baada ya Palm Beach, maili chache tu kusini, na kuna mtu alikaa mezani akaipanga karatasi ile, wengine wakaipitisha, ikachapishwa, na hakuna aliyempa mzee mmoja wa mtaani aijaribu kwanza.