Mizani Iliyotuponza Quartzsite

Sensa ya mwaka 2020 iliuhesabia mji wa Quartzsite, magharibi mwa jimbo la Arizona, wakazi 2,413, na mtu akiupita mwezi wa Julai, joto likiwa limevuka nyuzi 45, atajiuliza hata hao wamebaki kufanya nini. Mimi nimeishi Phoenix miaka tisa, mwendo wa saa mbili tu kwa gari, lakini sikuwahi kusimama pale ila kwa mafuta, kama wasimamavyo madereva wote watokao California, ambao huvumilia hadi wavuke Mto Colorado ndipo wajaze tangi kwa bei ya Arizona. Aliyenishawishi kukaa pale majuma matatu ya Januari ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye alikuwa dalali wa mawe ya vito Arusha kabla ya kuhamia huku, na ambaye tangu afike alikuwa akinieleza kwamba wazee wa Kimarekani hununua mawe kama sisi tununuavyo maembe.

Katika hilo hakusema uongo. Kila msimu wa baridi wastaafu kutoka Minnesota, Oregon na hata Kanada huikimbia theluji wakivuta karavani zao, wakaja kuweka makazi katika jangwa linaloizunguka Quartzsite, ambalo sehemu kubwa ni ardhi ya serikali kuu. Kibali cha kukaa msimu mzima, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, kilikuwa dola 180 wakati huo, na cha siku 14 kilikuwa dola 40. Tulikata vibali viwili vya dola 40 tukafurahi, tukidhani tumepata mteremko, lakini furaha hiyo haikufika jioni. Karavani ya kukodi ilitugharimu zaidi ya kodi ya nyumba yangu ya mwezi, gesi ya kupasha joto iliisha usiku wa tatu kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba jangwa hili hili linalochoma wakati wa kiangazi huweza kugandisha maji ya ndoo mwezi wa Januari, na bafu la kulipia mjini lilikuwa na saa ukutani inayohesabu dakika, hata mtu akajikuta anajipaka sabuni kwa pupa kana kwamba ameibiwa nguo. Kibanda chetu sokoni, meza mbili chini ya turubai, sitataja kodi yake, kwa sababu mke wangu atasoma maandishi haya.

Bidhaa yetu ilikuwa jiwe la Longido, lile la madini ya kijani yaitwayo zoisaiti, lenye madoa ya yakuti nyekundu na mishipa myeusi, ambalo jina lake la kibiashara, anyolaiti, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Vipande vyetu vilikuwa vimekatwa na kusuguliwa uso mmoja huko Arusha. Shemeji alipanga bei ya dola 24 kwa kilo, akaandika kwenye kibao tarakimu 24 peke yake, nene na nyekundu, kisha akaenda duka la vifaa akanunua mizani ya betri. Siku mbili za mwanzo tuliuza vizuri kupita tulivyotarajia. Nilikuwa napima, shemeji anazidisha kwa simu, mteja analipa, na jioni tulihesabu fedha huku tukiulizana kwa nini tumechelewa miaka yote hii kuja mahali pale.

Siku ya tatu alikuja jirani yetu wa jangwani, mzee mmoja fundi umeme mstaafu ambaye siku ya kwanza alikuwa ametuazima bomba la maji. Alishika kipande kimoja, akakiweka kwenye mizani mwenyewe, akatazama kibao, kisha akasema kwa upole kwamba upande wa pili wa soko jiwe kama lile linauzwa dola 12, naye hataki kuingilia biashara ya mtu, ila anaona afadhali tujue. Nilimwambia hilo haliwezekani, kwa sababu kwa dola 12 kwa kilo mtu huyo asingerudisha hata nauli ya meli. Mzee akaniuliza, “Kilo gani?” Akanionesha kwa kidole herufi mbili ndogo pembeni ya tarakimu za mizani, ambazo kwa siku mbili macho yangu yalikuwa yakizipita. Mizani ilikuwa inasoma ratili.

Kwa asiyezoea vipimo hivi, kilo moja ni ratili mbili na ushei. Tulikuwa tumepanga dola 24 kwa kilo, tukatoza dola 24 kwa ratili, na jiwe la kilo moja ambalo tulikusudia kuliuza dola 24 lilikuwa limemtoka mteja karibu dola 53.

Shemeji hakuona tatizo. “Shemeji, bei ni mapatano,” alisema. “Kibao kimesema ishirini na nne, wao wametoa ishirini na nne, wameondoka wanacheka. Nani amelalamika?” Kisheria nadhani alikuwa sahihi, na hata yule mzee alikubaliana naye. Lakini mimi nimezaliwa Wete, Pemba, na babu yangu alikuwa mkulima wa karafuu ambaye hadi anakufa hakuwahi kutamka neno kilo. Kwake dunia ilipimwa kwa pishi, ratili na frasila, na hakuna mtu aliyemtilia shaka kuliko mpima karafuu. Akirudi kutoka kituo cha karafuu alikuwa akikaa barazani na kuhesabu upya kwa vidole, kisha akatusomesha wajukuu Suratul Mutaffifin, sura ya wale wapunjao vipimo, akiinua sauti makusudi ili imfikie mpima aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu. Iwapo kuna mtu ambaye hakupaswa kukosea ratili, ni mimi.

Wateja wa siku zile mbili walikuwa tisa. Wanne walilipa kwa hundi, maana wazee wa huku bado wanaandika hundi, na kwa bahati hatukuwa tumezipeleka benki, basi tuliwapigia simu, wakaja wakaandika nyingine. Watano walilipa taslimu na walikuwa wametawanyika katika jangwa lenye maelfu ya karavani. Shemeji alibaki kibandani, amenuna. Mimi niliazima baiskeli ya mzee, nikatia bahasha tano mfukoni, nikaenda kuwatafuta.

Sijawahi kuona mji kama ule. Hakuna mtaa wala namba, ila kuna bendera, na watu huelekezana kwa bendera: pita bendera ya timu fulani, kisha ile ya jeshi la majini, ukiona ya Kanada umefika. Mbele ya kila karavani wametandika zulia juu ya changarawe, zulia zuri la kusalia mtu, nao wanalikanyaga na viatu. Karavani ya kwanza niliyobisha hodi, bwana mmoja aliniona na kanzu yangu chini ya sweta na bahasha mkononi, akanikatiza kabla sijafungua kinywa: wao tayari wana kanisa lao, asante. Ilinichukua dakika kumi kumweleza kwamba sihubiri wala siuzi, natafuta watu niwarudishie fedha, na jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Wa kwanza kumpata alikuwa mama mmoja mwenye mbwa kilema aliyefungiwa kigari cha magurudumu mawili nyuma. Alikuwa amenunua ratili mbili, kwa hiyo alikuwa akinidai dola 26. Alizihesabu, akanitazama, akaniuliza jina. Nikamwambia Haji. Akacheka hadi mbwa akabweka, akamwita mumewe aje aone, kwamba Hi Jolly amefufuka. Nilikasirika kidogo, kwa kuwa miaka tisa nimevumilia Wamarekani wakilipinda jina langu, lakini yeye alininyooshea kidole upande wa makaburi ya mji, akasema nikienda nitaelewa.

Nilikwenda. Katikati ya makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ya mawe ya jangwani yaliyotiwa saruji, na juu ya ncha yake amesimama ngamia wa shaba. Imejengwa na idara ya barabara ya Arizona mwaka 1935 juu ya kaburi la mtu aliyefariki Desemba 1902, ambaye jina lake lilikuwa Haji Ali, na ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka wakamwita Hi Jolly hadi likachongwa kaburini. Asili yake ilikuwa nchi za Shamu. Aliletwa mwaka 1856, pamoja na wachungaji wengine na ngamia zaidi ya 30, wakashuka bandari ya Indianola, Texas, baada ya Jefferson Davis, waziri wa vita wa wakati huo, kupewa na bunge dola 30,000 za kujaribu kama ngamia wanaweza kubeba mizigo ya jeshi katika majangwa ya magharibi. Ngamia waliweza. Walioshindwa walikuwa farasi na nyumbu, ambao wakisikia harufu ya ngamia walikata kamba na kukimbia, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mradi wote ukasahauliwa. Haji Ali alijipatia ngamia wachache, akafungua biashara ya kusafirisha mizigo kati ya Mto Colorado na machimbo. Biashara ikafa, akawaachia ngamia jangwani.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mimi naitwa Haji kwa sababu nilizaliwa mwezi wa hija, na Makka sijafika. Yeye inasemekana alifika, na jina lake ndilo lililogeuzwa kuwa maamkizi ya kufurahisha watoto. Nilimsomea Fatiha kwa sauti ya kawaida. Wazee wawili waliokuwa wakipiga picha walivua kofia wakangoja nimalize, kisha mmoja akaniuliza kama mimi ni wa ukoo.

Kwa siku mbili niliwapata wanne kati ya watano. Yule mama wa mbwa alikuja kibandani kesho yake na zile dola 26, akachukua jiwe jingine, na baada yake walikuja rafiki zake, hata shemeji akaacha kununa na akaandika kibao kipya, dola 11, na neno ratili kwa Kiingereza likiwa kubwa kuliko bei. Majuma mawili yaliyobaki sina la kuyasimulia, isipokuwa upepo wa siku moja uliobeba turubai letu na la jirani. Tukitoa kodi, gesi na bafu, faida ilitosha matairi manne.

Wa tano alikuwa bwana mwenye gari la namba za Alberta aliyenunua kipande kikubwa kuliko vyote, ratili tano. Mahali alipokuwa amepiga kambi nilikuta mawe ya jiko na alama za matairi. Bahasha yake yenye dola 65 bado imo ndani ya dashibodi ya gari langu, na kila tukisimama kujaza mafuta shemeji huifungua, akaitazama, akanitazama na mimi.